Bustani ya Tope la Kijivu

Mume wangu alipohamishwa kwenda kufundisha shule ya msingi karibu na Osiri, tulikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, kitanda, meza, sufuria tatu, na jembe nililopewa na mama yangu siku ya kuondoka nyumbani. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Kosele. Kwetu ukitupa mbegu za boga nyuma ya jiko na mvua ikanyesha, baada ya wiki chache inakubidi ukate majani upate njia ya kwenda chooni. Kulima mboga sikukuhesabu kuwa kazi ya kujifunza. Nilijua tu, kama nilivyojua kusonga ugali.

Tulifika Januari, saa saba mchana, katika pikapu iliyobeba vitu vyetu. Niliposhuka nilisimama na mtoto mkononi nikitazama. Ardhi ilikuwa nyekundu, ngumu, imejaa kokoto, na mahali pengi imetobolewa mashimo ya dhahabu. Mengine yalikuwa hatua tatu tu kutoka njiani, bila ua wala kijiti cha kumwonya mtu. Mbuzi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta jani kwenye migunga. Kutoka bondeni ilisikika milio ya vyuma vikigonga mawe, na haikukoma. Mume wangu aliniangalia, akasema, "Ni miaka miwili tu, au mitatu." Niliona kwamba hata yeye hajui.

Tulipanga vyumba viwili katika boma la mjane mmoja mzee, mwembamba, mwenye sauti nzito. Nilimwita dani, kama Wajaluo tunavyomwita bibi. Naye akaniita nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, na watu wote wa pale wakanijua hivyo. Nyuma ya vyumba vyetu kulikuwa na uwanja mtupu uliofika hadi kwenye ua wa minyaa. Siku ya pili nilimwuliza kama ningeweza kulima pale.

"Kulima nini?"

"Sukuma wiki. Nyanya kidogo. Na dek." Dek ni ile mboga chungu ya kwetu, inayopikwa kwa maziwa.

Aliutazama uwanja, kisha akanitazama mimi. "Lima," akasema. "Uwanja haukatazi mtu kulima. Kuotesha ndiko unakokataa."

Nilidhani anasema kama wazee wanavyosema. Mboga za pale zilitoka Migori mara mbili kwa wiki, juu ya keria ya gari, na zikifika zilikuwa zimelala kabisa, majani yamekuwa laini kama kitambaa cha zamani. Samaki walikuwepo, wa kutoka Sori, ziwani, na omena hawakukosekana. Lakini mimi nilikuzwa kwa mboga. Kula ugali kwa omena siku nne mfululizo kulinifanya nijihisi kama mtu aliye matangani.

Basi nikaenda Migori kununua mbegu. Duka lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka pwani, mzee mpole mwenye kofia. Akaniuliza napanda wapi. Nilipomwambia Osiri aliacha kufunga mbegu zangu.

"Osiri ya dhahabu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Akaongeza pakiti ya mchicha juu ya zile nilizochagua. "Hii nakupa mimi," akasema. "Ikiota, njoo uniambie nami nijue."

Nilianza kama nilivyozoea. Jembe la mama liliruka nilipolipiga chini, likanirudia, na mikono ikafa ganzi hadi begani. Ilinichukua siku sita kuchimba mahali ambapo Kosele ningemaliza kabla ya chai ya saa nne. Nikainua matuta, nikaotesha miche kwenye karai kuukuu chini ya kivuli, nikaihamisha ilipofikia urefu wa kidole. Nilinyunyiza maji asubuhi. Maji tuliyachota kwenye kisima cha pampu, mwendo wa karibu nusu saa, na mara nyingine tulinunua kwa mtu aliyeyabeba kwa punda. Ile miche ilisimama vizuri. Niliiangalia saa mbili, saa tatu, nikaridhika, nikaingia ndani kumwogesha mtoto na kupika.

Nilipotoka saa nane hakukuwa na bustani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Miche yote, karibu mia moja, ilikuwa imelala juu ya udongo, mingine imekauka hadi inavunjika ukiigusa. Nilishika shina moja likawa vumbi kati ya vidole. Sikuwahi kuona mmea ukifa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Nilikaa chini palepale, kwenye jua, na dani akaja akasimama juu yangu na kivuli chake kikanifunika.

"Kwenu mnainua tuta ili maji yakimbie," akasema. "Hapa maji yanakimbia yenyewe. Chimba kwenda chini. Upande ndani ya shimo kama unazika."

Nikachimba kwenda chini. Vitanda vinne, kila kimoja chenye kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Nikajaza mavi ya mbuzi yaliyokauka, nikatandaza nyasi juu, nikatengeneza kivuli cha magunia. Mara ya pili miche haikufa yote. Lakini haikukua pia. Ule udongo ulikunywa maji na kuyapeleka mahali nisipopajua. Nikimwaga ndoo jioni, asubuhi nikiingiza kidole nakuta pakavu hadi chini. Mume wangu alikuwa mtu wa kunionea huruma bila kusema sana. Jioni moja alisema, "Tunaweza kununua tu zile za Migori." Nilikuwa nimeshaanza kuichukia ile ardhi kama unavyomchukia mtu.

Njia ya kwenda kisimani ilipita mahali wanawake walipooshea dhahabu. Wanaume walitoa mawe shimoni, yakapondwa na kusagwa hadi yakawa unga, kisha wanawake wakauosha ule unga kwa maji juu ya magunia na kwenye makarai. Unga uliokwisha kuoshwa ulitiririka ukajikusanya chini, tope la kijivu, laini, lililopanda juu kila wiki. Nilikuwa nimelipita mara mia. Siku moja mchana, saa ya jua kali, nilitua ndoo nipumzike na nikaona kwamba lile tope bado limelowa. Kila kitu kingine kilikuwa kimepasuka kwa ukavu, lakini tope lilikuwa linang'aa kwa unyevu. Nikaingiza mkono. Ulizama hadi kifundoni, na ndani kulikuwa na baridi.

Niliwauliza wale wanawake kama naweza kuchukua kidogo.

"Beba lote," mmoja akasema. Alikuwa mama wa makamo mwenye mtoto mgongoni. "Tumeshalimaliza hilo. Unataka kupaka nyumba?"

"Nataka kupanda mboga."

Waliangaliana, wakacheka, si kwa ubaya. Yule mama akanisaidia kujitwika karai la kwanza.

Nilibeba kwa wiki mbili, karai baada ya karai. Nikalichanganya na mavi ya mbuzi kwa mikono, magoti yangu ndani ya kitanda. Mtoto wangu alikaa kando akifinyanga. Alikuwa amejifunza kutengeneza ng'ombe kwa lile tope, ng'ombe wasio na vichwa, akawapanga kwenye jua, na alipochoka aliweka vidole mdomoni kama watoto wote. Nilimwona. Nilimfuta mdomo kwa ncha ya leso nikaendelea na kazi.

Na sukuma ikaota. Hapo ndipo mshangao ulipokuwa wa furaha. Kwa mara ya kwanza maji yalibaki pale nilipoyamwaga. Majani yakawa mapana, meusi kwa ukijani, nyanya zikashika maua, mchicha ukatoka kwa fujo. Watu walikuja kuangalia. Mwalimu mkuu alipita kutoka shuleni akasimama kwenye ua wa minyaa, akasema angeniletea watoto wa darasa la saba waone. Dani alikuja kila asubuhi na kiti chake akakaa karibu na vitanda, akigusa majani kwa ncha za vidole.

Niligawa. Ndivyo nilivyolelewa, mboga ya kwanza haiuzwi. Nilimpa dani, nikawapa wake wa walimu wawili waliokuwa majirani zetu, nikampelekea mwanamke mmoja aliyekuwa amejifungua na hana maziwa ya kutosha. Kwa huyo nilichagua majani machanga, nikayapika mwenyewe, nikasimama nikimwangalia akila hadi akamaliza.

Shule zilipofungwa Agosti tulikwenda Kosele. Nilijaza gunia zima la sukuma na mchicha, nikaulowesha mdomo wake njia nzima usikauke. Nilitaka mama aone. Nilikuwa nimemwambia kwa barua kuhusu ardhi ile, na nadhani alikuwa amenionea huruma, kwa sababu alipofungua gunia alitoa jani moja akajifunika nalo uso wote.

"Hii imetoka kule?"

"Nyuma ya nyumba yangu."

Alipika siku hiyohiyo. Tulikula sote, baba, mama, wadogo zangu wawili, mume wangu, mtoto. Baba, ambaye si mtu wa kusifu, aliomba aongezewe, akasema kwamba aliyeweza kulima Osiri angeweza kulima juu ya paa la mabati. Tukacheka. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifundisha kemia katika shule moja ya sekondari upande wa Homa Bay, alifika jioni wakati vyombo vimeshaoshwa. Mama alikuwa amemwekea sahani yake. Akanawa, akakaa, akaanza kula, nami nikakaa mbele yake nikimsimulia yote kwa mpigo, jua, miche iliyokufa, vitanda vya kuzama. Alikuwa akitabasamu. Kisha nikafika kwenye tope.

Tonge lilikuwa limeshafika karibu na mdomo wake. Alilirudisha kwenye sahani.

"Tope kutoka wapi?"

"Pale wanapooshea dhahabu. Lile lililokwisha kuoshwa."

"Wanaosha kwa maji tu?"

"Kwa maji. Na dawa kidogo."

"Dawa gani?"

Nikamweleza kile nilichokiona mara nyingi bila kukifikiria. Kwamba wanawake humimina kwenye karai kitu kama maji ya fedha, kizito, kinachotoka kwenye kichupa kidogo, kinakimbiakimbia, na wanakikanda ndani ya tope kwa vidole hadi kiikusanye dhahabu yote. Wenyewe wanakiita dawa.

Kaka yangu alinawa mikono. Sikuwahi kumwona akiacha chakula cha mama. Alinawa mara ya pili kwa sabuni, ingawa hakuwa amegusa chochote zaidi ya ugali na mboga.

"Hiyo ni zebaki," akasema. "Makyuri. Ile iliyo ndani ya kipimajoto. Nikivunja kipimajoto kimoja darasani nafungua madirisha yote na kuwatoa wanafunzi nje."

Mama alikuwa mlangoni na kikapu. Baba alikuwa ametazama sahani ile kana kwamba ni yeye aliyekuwa akiila.

"Ni sumu?" mama akauliza.

"Ni sumu. Inaingia mwilini polepole. Inakaa kwenye mishipa ya fahamu, kwenye ubongo. Watoto ndio wanaodhurika zaidi." Akanigeukia. "Kiasi gani kimeingia kwenye majani, sijui. Huenda ni kidogo. Huenda ni kidogo sana. Lakini hakuna mtu hapa anayeweza kuipima akakuambia. Mtoto anacheza wapi unapolima?"

Nilikuwa naona wale ng'ombe wasio na vichwa wamepangwa juani. Nilikuwa naona vidole. Nikamwambia mume wangu amchukue mtoto kwa sababu niliogopa nitamwangusha. Baadaye mama aliniambia kwamba nilirudia neno moja tu, "nilimfuta, nilimfuta," na hakuna aliyejua nasema nini.

Asubuhi tulimpeleka hospitalini Homa Bay. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Alimwangalia mtoto macho, ulimi, magoti, akamwambia ashike kalamu. Akasema haoni kitu. Akasema pia hana kipimo cha jambo hilo, wala hajui ni wapi Kenya kingepatikana kwa urahisi. "Mwangalie," akaniambia. "Ukiona anatetemeka, au anasahau maneno aliyokwisha kuyajua, rudi." Nilitoka nikiwa nimebeba neno lile, mwangalie, na nililibeba miaka mingi.

Tuliporudi Osiri sikufungua hata mizigo. Mume wangu alisimama ukingoni mwa vitanda. Kwa siku zile tulizokuwa mbali dani alikuwa amemwagilia, na sukuma ilikuwa imefika magotini.

"Watu wa hapa wanaishi na kitu hiki tangu zamani," mume wangu akasema. Hakuwa akinikataza. Nadhani alitafuta tu mahali pa kusimama. "Pengine kaka yako anaongeza chumvi."

"Pengine," nikasema.

Nikaanza kung'oa. Nilifunga mikono kwa mifuko ya nailoni. Baada ya muda akavua shati, akaleta koleo, akachimba lile tope kutoka vitandani, nasi tukalitoa nje ya ua, tukalirundika mbali na nyumba. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Nyanya zilikuwa ndiyo zinaanza kuwa nyekundu. Nilizizika zote pamoja na majani, nikaukanyaga udongo juu yake.

Kung'oa haikuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kwenda kuwaambia wale niliowagawia. Wake wa walimu walinisikiliza kwa heshima, lakini mmoja wao alimvuta mtoto wake nyuma yake nilipokuwa nikisema, akamshikilia pale. Yule aliyejifungua hakuelewa kwanza. Nilipomweleza tena alimwangalia mtoto kifuani pake, kisha akaniangalia mimi, akauliza, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Akauliza tena. Aliniuliza mara tatu, na mara ya tatu sikuwa tena na hakika ya jibu langu, maana nilikuwa nimeiona ile dawa kwa macho yangu, nimeiona ikimiminwa, na sikuuliza hata siku moja kwa nini inaitwa dawa.

Dani nilimwacha mwisho. Alikuwa jikoni kwake akichambua omena. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza akasema, "Nyar Kosele, nyanyuka. Magoti yako yataumia."

Kisha akanyooshea kidole jiko lake. "Mume wangu alichimba miaka yote ya ndoa yetu. Dhahabu ikishashikwa na dawa inakuwa kidonge cha kijivu. Unakichoma moto, dawa inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Unadhani tulikichomea wapi?"

Sikutaka kuelewa.

"Hapo," akasema. "Katika kijiko cha kupakulia mboga. Mimi mwenyewe nilikishika juu ya moto, yeye akipuliza. Watoto walikaa hapo ulipopiga magoti wakisubiri chakula."

Alinyanyua mkono kunionyesha jinsi alivyokishika kile kijiko, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka. Ulitetemeka siku zote. Ulitetemeka tangu siku tuliyofika, alipokuwa akigusa majani ya sukuma, alipokuwa akinipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeuona kila siku na kuuita uzee. Nilimwuliza watoto wake wako wapi. Akasema watatu wako hai, wawili alizika, mmoja wao alikuwa mtoto aliyechelewa kuzungumza na hakuwahi kuzungumza sawasawa. "Tulisema ni kijicho," akasema. "Tukaenda kwa waganga, tukaenda kanisani." Akarudi kwenye omena zake. Sijui kama lile lilikuwa zebaki au lilikuwa jambo lingine. Naye hakujua. Hakuniuliza, nami namshukuru kwa hilo, kwa sababu siku ile ningeweza kusema chochote.

Siku tatu baadaye nilisikia sauti za wanawake nje ya ua. Nikatoka. Rundo letu la tope lilikuwa limezungukwa. Walikuwa watano, wamekuja na maji na makarai, wanaliosha upya. Mtu alikuwa amewaambia kwamba lilioshwa vibaya mara ya kwanza, kuna dhahabu ndani. Yule mama wa makamo alikuwa katikati yao, mtoto mgongoni, mikono imezama hadi kwenye viwiko, na kichupa kiko wazi juu ya jiwe kando yake.

Nilikimbia. Nilisema yote niliyoyasikia kwa kaka yangu, mishipa, ubongo, watoto, nikalia, nikamshika mmoja mkono nikajaribu kumwinua. Walinisubiri nimalize. Yule mama alijipangusa kwa ncha ya kanga.

"Dada," akasema, "tumekusikia. Wewe una mwalimu. Mimi mume wangu ni hili karai." Hakusema kwa hasira. "Niambie tu niache lini, na siku hiyo watoto wangu watakula wapi. Nitaacha."

Nilimwomba angalau amshushe mtoto mgongoni, nikae naye mimi ndani hadi amalize. Alifikiri kidogo, akafungua leso, akanipa mtoto. Nilikaa naye mlangoni mchana mzima. Alikuwa mtoto mzito, mkimya. Nilimwosha mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa Septemba nilianza upya. Upande wa pili wa shule kulikuwa na migunga mikubwa ambapo mbuzi wa kijiji walilala mchana, na udongo wa chini yake ulikuwa mweusi kwa majani na mavi ya miaka mingi. Mume wangu aliomba ruhusa kwa mwenye mahali, akaazima mkokoteni, tukasomba Jumamosi mbili. Badala ya tope niliweka magunia makuukuu chini kabisa ya vitanda yashike maji, na majivu, na mabua. Nilipunguza vitanda vikawa viwili. Maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea tuliyamwaga yote pale. Ilikuwa bustani ndogo na dhaifu, majani yake mafupi, lakini haikufa.

Mavuno ya kwanza nilifunga mafungu kama kawaida, nikawapelekea majirani. Wale wake wa walimu walinishukuru, wakayapokea. Jioni niliona fungu moja limetupwa kwa mbuzi. La pili lilirudishwa kwangu na mtoto, akasema mama amesema wana mboga. Yule aliyejifungua hakufungua mlango. Nilijaribu kuwaeleza kwamba udongo huu ni mwingine. Waliitikia kwa kichwa. Mume wa mmoja wa wale wanawake, baada ya saa za shule, alikuwa na hisa katika shimo, na mkewe aliendelea kukanda dawa kwa vidole kwenye kibaraza chao. Lakini sukuma yangu waliiogopa hadi tulipohama. Nilishangaa kwa hilo kuliko mambo mengine yote, na bado sijamaliza kulishangaa.

Dani peke yake alikula. Alisema amri ya kufa haitolewi na sukuma. Alifariki miaka miwili baada ya sisi kuondoka, nami nilikwenda kumzika.

Binti yangu nilimwangalia, kama daktari alivyosema. Alipoanza shule nilikaa kando yake akiandika, nikiangalia mstari wa penseli kuliko herufi. Akichelewa kulikumbuka neno niliacha nilichokuwa nikifanya hadi alikumbuke. Hakuwahi kujua kwa nini mama yake anamtazama hivyo. Alikua vizuri, kwa kadiri ya macho yangu. Nilimsimulia habari hii alipokuwa msichana mkubwa, naye akaniuliza kuhusu yule mtoto wa mgongoni, kama alikuwa mvulana au msichana. Nilikuwa nimesahau. Hilo pia lilinishtua.

Mama yake yule mtoto alikuja kwangu mwezi mmoja kabla ya uhamisho wetu. Alisimama nje ya ua akaita. Alisema shimo walilokuwa wakilitegemea limejaa maji na wanaume wamekwenda Macalder kutafuta jingine, kwa hiyo ana nafasi kwa wiki chache. Akaomba miche.

"Ya hii mpya," akasema. "Si ile."

Nilimchimbulia kumi na miwili, nikaifunga kwa kipande cha gunia chenye unyevu. Akaniuliza udongo nilitoa wapi, nikamwonyesha kwa mkono upande wa migunga. Akaiweka ndani ya karai lake lile lile la kukandia dawa, akajitwika, na kabla hajaenda mbali nilimwita nikamwambia alisugue kwanza kwa mchanga na maji mengi, alisugue sana. Akasema amesikia. Sikumfuata kuona kama alifanya hivyo.